Mkokoteni na Herufi Moja

Jumanne hiyo nilipanda mlima wa Vernassoles mara tatu, na mara ya tatu niliketi kwenye ukingo wa chemchemi iliyoganda nikajiuliza kama kweli kuna haja ya kufika. Mkobani nilikuwa na sindano mbili, chupa ya spiriti na kipande cha mkate mweusi ambacho nilikuwa sijapata nafasi ya kukila tangu asubuhi. Ilikuwa Februari ya mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita. Baridi ilikuwa inapasua miti msituni, ukasikia mlio kama wa bunduki. Nesi wa vijiji vinne nilikuwa mimi peke yangu. Tangu Krismasi nilikuwa nimewafumba macho wazee wawili kwa vidole hivi hivi, na wa tatu alikuwa huko juu anajiandaa, kwa ukaidi, jikoni kwake.

Huyo wa tatu ni Bibi Sidonie Vachezol. Umri wake ulikuwa miaka sabini na minane, hakuwahi kuolewa, na tangu utotoni alikuwa mfuma lesi. Mapafu yake yalikuwa yanakoroma kama birika. Theluji ilikuwa imeshaangusha nusu ya paa lake, naye akahamishia kitanda, mto wake wa kufumia lesi, uliojaa pini na vijiti vya nyuzi, na picha ya mamake jikoni, akaziba mlango kwa gunia.

Nilimkuta amepakata mto, vijiti vya kufumia vinagongana chini ya vidole vyake. Hakuinua uso.

"Kitanda kipo kule chini, nyumba ya wazee, bibi," nilimwambia. "Karibu kabisa na jiko. Sista Léocadie anakushikia hadi Jumamosi saa sita mchana. Ikipita hapo anampa mwingine, orodha ni ndefu."

"Ampe huyo mwingine."

"Paa lako limeanguka."

"Limeanguka upande wa mbuzi. Mbuzi mwenyewe nilimuuza Oktoba. Halalamiki."

"Ukibaki hapa utakufa."

"Na nikienda kule nitaishi milele?" Alikohoa, akasubiri pumzi imrudie. "Ginette mwanangu, choma hiyo sindano yako uende. Umechoka mpaka unanuka."

Nikachoma. Mkono wake ulikuwa umebaki mfupa na ngozi, ikanilazimu kutafuta nyama kwa muda. Nikiwa nafunga mkoba nilijaribu tena, kwa sauti ile tunayoitumia kwa watoto wanaokataa dawa. Nilimwambia hatapata taabu yoyote, kwamba Gaspard, bawabu wa nyumba ile, atakuja kumchukua kwa kiti cha magurudumu, atafunikwa blanketi mpaka puani.

Vijiti vilinyamaza.

"Nilijua," alisema. "Nilijua mtakuja na magurudumu. Mimi mkokoteni sipandi."

"Mkokoteni gani, bibi?"

"Huo huo. Kila mtu anajua nyumba ile inaitwaje."

Inaitwa Nyumba ya Charité. Neno hilo limechongwa juu ya mlango, katika jiwe jeusi la mlima wetu, na sisi tunalifupisha tu: fulani yuko Charité, fulani kafia Charité. Ni sadaka, ni huruma, ni wema wa kumpa asiye nacho. Nilikuwa nalitamka mara kumi kwa siku bila kuligeuza nikaona upande wa pili. Mkokoteni kwa Kifaransa chetu ni charrette. Yatamke yote mawili upesi, midomo ikiwa imekufa kwa baridi, uone yanavyogusana.

"Bibi," nilisema polepole, "unadhani neno charité limetoka kwenye mkokoteni?"

"Sidhani. Niliuona ukija."

Akanisimulia, huku akivuta pumzi kila baada ya maneno matatu. Tangu mwaka alipokufa babake, kila sikukuu ya Mtakatifu Martin, mwezi wa Novemba, mkokoteni ulitoka nyumba ile kupanda mlima. Ulibeba mikate, kuni na viatu vya mbao kwa ajili ya nyumba zilizoandikwa kwenye orodha ya maskini. Magurudumu yake yalikuwa ya chuma na njia yetu ni ya mawe. Ulisikika tangu chini kwenye chemchemi. Watu walifungua vibao vya madirisha wasikilize utasimama wapi, na watoto waliufuata nyuma wakiimba: charité, charrette, kwa Vachezol umefika. Mamake alifunga madirisha, akangoja kelele zipite, kisha akafungua mlango kidogo tu, upana wa mkate.

"Nikamuuliza mama, charité ni nini? Akaniambia, ni kile kinacholetwa na mkokoteni. Mama hakuwa mwongo."

Nilicheka. Mungu anisamehe, ulikuwa uchovu tu, kicheko kilinitoka kama kikohozi. Bibi Sidonie akaviangalia vijiti vyake.

"Nenda ukale mkate wako," alisema. "Unaonekana mkobani."

*

Jumatano nilikwenda kufunga kidonda cha Mwalimu Anselme Astier, kilichokuwa mguuni mwake kwa miaka minne na hakikuwa na mpango wa kuondoka. Alikuwa amewafundisha nusu ya watu wa Vernassoles kusoma, mimi nikiwa mmoja wao. Makosa ya lugha aliyafurahia kama wengine wanavyofurahia jibini: kadiri lilivyonuka ndivyo alivyolisogeza puani. Kwa hiyo nilimpa kosa la Bibi Sidonie kama zawadi, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mguu wake, nikingoja acheke.

Hakucheka.

"Alisema watoto waliimba?"

"Ndiyo."

"Alitaja jina la mtoto yeyote?"

"Hakutaja. Usitikise mguu, mwalimu."

Nilimaliza kufunga bendeji. Kisha akanionyesha kwa fimbo kamusi yake, kitabu kikubwa kama jiwe la kusagia, kilichokuwa rafu ya chini.

"Ijumaa nitapanda huko nawe."

"Kwa mguu huu?"

"Huu wa kushoto umechoka, lakini wa kulia bado unanisikiliza."

Nilimwambia ukweli: sina nguvu za kumburuta mzee mmoja kupanda ili nimburute mwingine kushuka. Akaniambia hajaniomba nimburute. Nikamwambia kidonda kitafunguka. Akasema kitafungwa tena, kwani mimi ni nesi wa nini. Niliondoka nikiwa nimeshindwa na wawili ndani ya siku mbili.

*

Ijumaa adhuhuri tulipanda. Yeye na fimbo, mimi na mkoba, na kamusi imefungwa kwenye shuka, tunapokezana kama mtoto mchanga. Tulisimama mara nyingi kiasi kwamba mbwa wa mwuza nyama alichoka kutubwekea.

Bibi Sidonie alitutazama tunavyoingia, theluji mabegani, tunahema wote wawili.

"Anselme, mtoto wa mwoka mikate," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Na wewe, Sidonie, hujabadilika. Bado huwakaribishi watu."

"Kuna kiti kimoja. Mwache Ginette aketi, ndiye anayefanya kazi."

Nikaketi. Mwalimu akabaki amesimama karibu na jiko la chuma, kamusi juu ya meza kati ya bakuli la supu ya dengu na ule mto wa lesi. Alianza na maneno marefu, kama wafanyavyo walimu wakiogopa. Bibi Sidonie akamkata.

"Umebeba mzigo wote huo. Soma."

Akavaa miwani, akasoma. Neno charité limetoka kwa Warumi. Kwao lilikuwa caritas, nalo lilizaliwa na neno jingine, carus, ambalo ndilo letu la cher: mpendwa.

"Cher," alisema Bibi Sidonie. "Kama mwanzoni mwa barua."

"Kama mwanzoni mwa barua. Na kama sokoni pia, unaposema siagi imekuwa ghali. Ni neno hilo hilo. Kitu ukipendacho na kitu cha bei kubwa, Warumi waliviita jina moja, na sisi tumerithi. Hata mwaka wa njaa, nafaka ikipanda bei, waliita caritas. Baadaye watu wa kanisa wakalichukua, wakalipa kazi ya kumpenda Mungu na jirani. Halafu likaja kwetu, likashuka, likashuka, mpaka likawa kumpa maskini kitu."

"Na mkokoteni?"

"Mkokoteni ni wa ukoo mwingine. Carrus. Warumi wenyewe waliuazima kwa mababu zetu sisi."

"Mbona nasikia lile lile?"

"Huu una r mbili. Lile lina r moja."

Nilisikia kuni zikialika ndani ya jiko. Bibi Sidonie alichukua kijiti kimoja, akakipitisha juu ya kingine, akavuta uzi, akachomeka pini.

"Moja," alisema.

"Moja tu."

"Miaka sabini naikimbia r moja." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeambiwa treni aliyoingoja haipiti tena kituo hicho. "Lete hapa nione."

Mwalimu akamsogezea kitabu. Alisoma kwa kidole, maana shule aliiacha akiwa na miaka tisa, na kidole kilikaa kwenye neno muda mrefu. Nikaanza kuona matumaini, nikayaogopa. Sikuwa na nguvu za kuyabeba.

"Mpendwa," alisema hatimaye. "Na ghali. Haya. Unaona lesi hii, Anselme? Unajua kwa nini ni ghali? Uzi wenyewe si kitu. Imeyala macho yangu. Kitu kinakuwa ghali kwa kile kilichomtoka mtu. Sasa wewe uliyesoma niambie: ule mkate ulimtoka nani? Babako alikuwa anapakia mkate wa juzi."

"Wa kabla ya juzi," alisema mwalimu. "Naujua. Mimi ndiye niliyekuwa naupakia."

"Basi neno lenu ni zuri kuliko mkate wenu."

Mwalimu alivua miwani. Bila miwani alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Sidonie, ule wimbo niliutunga mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nani mwingine darasani alikuwa na vina? Watoto wa Rouvier hata majina yao hawakuyajua vizuri." Akakohoa, akafuta mdomo. "Vilikuwa vina vibaya lakini. Charité na charrette. Ulivilazimisha."

"Nilikuwa na miaka saba."

"Mimi nilikuwa na minane. Ulikuwa unaniona pale nyuma ya mlango?"

"Nilikuwa nakuona."

"Haya."

Nilikuwa nimekaa kati yao, nikaangalia gunia la mlangoni. Mwalimu aliendelea, sauti imeshuka. Alisema hakuja kumwomba aende Charité, hilo ni la Ginette. Alisema kwa miaka arobaini amewasahihisha watoto wa watu daftari kwa wino mwekundu, amewafundisha maneno yalikotoka, na kosa moja, lake mwenyewe, alilipita kila siku kwa sababu liliishi juu ya mlima na yeye alikuwa chini.

"Umemaliza?" aliuliza Bibi Sidonie.

"Nimemaliza."

"Kahawa ya mizizi ya chikori iko pale. Mimina mwenyewe, mtumishi wangu kaenda Paris."

Tukanywa. Ilikuwa chungu na ya vuguvugu. Hakuna aliyetaja kitanda. Maneno yangu nilikuwa nimeyatumia yote tangu Krismasi. Nilimchoma sindano yake, nikamfunga mwalimu bendeji upya maana kidonda kilikuwa kimefunguka kama nilivyosema, nikaiacha kamusi mezani kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kuishusha. Mkono wangu ulikuwa kwenye gunia aliponiita.

"Ginette. Kutoka hapa hadi kule ni hatua ngapi?"

"Mia saba, labda mia nane."

"Mteremko?"

"Mteremko wote."

"Kesho, basi. Kwa miguu."

"Bibi, kwa kifua hicho huwezi hata—"

"Kwa miguu, au nabaki. Anselme atanibebea mto. Akiangusha kijiti kimoja narudi."

*

Jumamosi tulitoka saa tatu asubuhi. Saa sita ndiyo ulikuwa mwisho wetu, na mtu mwenye afya huziteremka hatua hizo kwa dakika kumi na tano. Nilimvisha sketi tatu, koti la marehemu kakake na skafu mbili. Nilimshika kwa mkono wa kulia. Mwalimu alikwenda mbele na mto wa lesi kifuani, vijiti vinalia, anaangalia kila jiwe kabla ya kulikanyaga.

Hatua ishirini, mapumziko. Hatua kumi na tano, mapumziko. Alipopumzika alitazama ukuta, si watu. Wakati mwingine aliniegemea kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mkubwa, lakini usiku ule nilikuwa nimelala kwa muda wa saa nne tu na mkono ukaanza kufa ganzi. Kufika kwa mwuza nyama ilikuwa saa nne na nusu. Kufika kanisani, saa tano na robo. Pumzi yake ilikuwa inatoka na filimbi ndani yake.

"Kaa kidogo hapa kwenye ngazi," nilimwambia.

"Nikikaa siinuki. Najijua mimi."

Tulipokaribia chemchemi, nikiwa nahesabu dakika kichwani na kuona hazitoshi, nikasikia magurudumu.

Sista Léocadie alikuwa ametuona kutoka dirishani. Kwa wema kabisa, bila kujua lolote, alikuwa amemtuma Gaspard na kile kiti cha zamani, cha pete za chuma, kinachopiga mawe kama sufuria zinazoanguka. Kelele zilipanda kati ya kuta. Na kama miaka sabini iliyopita, vibao vya madirisha vikafunguka: kwa mke wa fundi viatu, kwa Rouvier, kwa dada wawili wa posta. Bibi Sidonie alisimama kabisa. Nilihisi mkono wake ukikaza ndani ya mkono wangu kama ukucha wa ndege.

"Panda, mama," alisema Gaspard, mtu mpole mwenye pua nyekundu. "Robo saa tu imebaki. Sista anasema saa sita ni saa sita."

Nakiri hapa: nilitaka apande. Kitanda kilikuwa mita mia moja kutoka pale, chenye joto, na maisha yake yalikuwa juu ya kitanda hicho.  Nikafungua mdomo nimwambie, bibi, kwa leo tu, nani atakayekumbuka. Mwalimu Astier akanitazama, mto kifuani, nikaufumba.

Bibi Sidonie alikitazama kiti. Alikitazama magurudumu, mgongo, mahali pa miguu, kama anavyotazama lesi ya mtu mwingine.

"Gaspard," alisema. "Geuza."

"Nigeuze, mama?"

"Geuza utangulie."

"Na kiti?"

"Kitupu. Tembea nacho katikati ya njia, wakione vizuri. Sisi tunafuata."

Gaspard alinitazama mimi, akamtazama mwalimu, akaona hakuna msaada. Akageuza. Kiti kikashuka mbele yetu kikipiga kelele zote za dunia, blanketi limekunjwa vizuri juu yake na hakuna mtu chini ya blanketi. Nyuma yake mzee mwenye mguu mbovu na mto, kisha Bibi Sidonie, kisha mimi niliyekuwa nusu nimembeba na nusu nimebebwa. Kutoka dirishani mke wa fundi viatu alisema, "Habari za asubuhi, Bi Vachezol," naye akajibu, "Nzuri, funga dirisha, unapoteza joto."

Kengele ya saa sita ilianza tukiwa bado hatua arobaini kutoka mlangoni. Niliisikia ndani ya meno yangu. Sista Léocadie alikuwa amesimama kizingitini, mrefu, mikono ndani ya mikono ya kanzu. Gaspard alikuwa amekwishafika, na kiti alikuwa amekiegesha katikati ya mlango, nusu ndani nusu nje, kiasi kwamba usingefunga hata ungetaka.

"Wamechelewa," Sista alisema.

"Kiti kimewahi, Sista," alisema Gaspard. "Kimefika kabla ya kengele. Mwenyewe yuko nyuma yake."

Sista alikitazama kiti, kisha akatutazama sisi tunavyokuja, hatua kumi, mapumziko. Kengele ilimaliza. Alitoa mkono mmoja kwenye kanzu, akaunyoosha mbele yake na kuuacha hapo hapo, mpaka Bibi Sidonie alipoufikia.

Kabla ya kuushika, Bibi Sidonie aliinua uso. Ilimchukua muda, shingo yake haikupenda kuangalia juu. Kidole chake kilikwenda hewani polepole, herufi kwa herufi, juu ya mlango.

"Moja," alisema. "Walichonga vizuri." Kisha akamgeukia mwalimu. "Lete mto wangu. Umevihesabu vijiti?"

"Vipo vyote."

"Tutaona."

Wakaingia. Nilibaki peke yangu nje, pumzi yangu inatoka nyeupe, mkono wangu wa kulia unaning'inia kama si wangu. Mchana nilikuwa na wagonjwa wanne, wawili kati yao upande wa pili wa bonde. Kiti kilikuwa bado pale mlangoni, na blanketi lake.

Nikakaa mimi. Gaspard akashika mpini, akanivuta nyuma kidogo ili mlango ufungwe, na magurudumu yakalia juu ya mawe. Madirisha yalikuwa bado wazi. Hakuna aliyeimba.